Karatasi Saba za Mwalimu

Mkono wa dada yangu niliokuwa naweza kutolea damu ulikuwa wa kushoto tu. Wa kulia haukuchomwa sindano wala kufungwa mpira wa presha, kwa sababu siku alipokatwa titi alitolewa na tezi za kwapa, na mkono wa namna hiyo ukichokozwa unaweza kuvimba. Huo wa kushoto nao ulikuwa umepitishiwa dripu hadi mishipa ikakakamaa kama kamba ya katani. Ulibaki mshipa mmoja karibu na kiungo cha kidole gumba, nao nikaujua. Kila baada ya miezi mitatu dada alipanda basi Muheza, akashuka Ubungo, akalala kwangu Kimara. Asubuhi yake, kabla maabara haijafungua mlango kwa wateja, nilimkalisha kitini, nikamchoma mara moja, nikajaza chupa na kuiandika jina.

Nilikuwa najivunia ule mchomo mmoja. Miaka 26 ya kazi ya maabara haimpi mtu mambo mengi ya kujivunia.

Uvimbe aliugundua mwenyewe akioga, Machi 2016. Hakukaa nao kama wanavyokaa nao wengi, akiuficha kwa kanga na kungoja likizo. Kinyama kilichukuliwa, majibu yakaja: saratani, na chini yake mistari mitatu, yote hasi. Wataalamu huangalia kama seli za uvimbe wa titi zina vipokezi vya homoni mbili, estrojeni na projesteroni, na kama zina wingi wa protini inayoitwa HER2. Kimojawapo kikiwepo, ipo dawa ya kukilenga: vidonge vya tamoksifeni kwa homoni, sindano ya trastuzumabu kwa HER2. Za dada hazikuwa na hata kimoja. Aina hii huitwa hasi tatu. Dada alifundisha hesabu shule ya msingi, na nilipomsomea ripoti alifikiri kidogo akasema, "Hasi mara hasi mara hasi. Jibu lake ni hasi." Akacheka peke yake.

Hasi tatu ina haraka. Wanawake wenye asili ya Afrika huipata kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu, na mara nyingi wakiwa bado vijana. Ikirudi hurudi mapema, zaidi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo, nayo hukimbilia mapafu, ini na ubongo kuliko mifupa. Mgonjwa akivuka miaka mitano hatari hushuka sana, tofauti na saratani ya homoni, ambayo yaweza kulala miaka 15 kisha ikaamka. Haya yote niliyajua. Kwa hiyo ile miaka mitatu niliiona kama daraja bovu ambalo lazima nimvushe dada yangu kwa mkono.

Alipata ile dawa nyekundu inayowatisha wagonjwa kwa rangi yake, akafanyiwa upasuaji, akamalizia na mionzi Ocean Road, kwenye majengo ya Wajerumani yanayotazama bahari. Mabasi ya mwendokasi yalikuwa bado mapya. Tulipanda Kimara tukashuka Kivukoni, kisha bajaji. Alipokuwa anasubiri zamu alihesabu meli zilizotia nanga nje ya bandari, akaniambia siku fulani zilikuwa ngapi na jana yake ngapi.

Machi 2017 akamaliza. Daktari akampa ratiba: aje kliniki kila baada ya miezi mitatu au minne, apapaswe, aulizwe maswali, titi lililobaki lipigwe mamografia kila mwaka. Basi. Nikamwuliza, "Na damu je, daktari?" Akasema hawapimi damu kutafuta saratani iliyosambaa kwa mtu asiye na dalili.

Nilimwangalia nikamwonea huruma. Nilidhani ni umaskini wetu unaosema. Nilidhani Wamarekani na Waingereza wanapima, sisi hatupimi kwa sababu hatuna. Na mimi ninacho! Mashine ipo kazini, vitendanishi vipo, mfanyakazi analipa nusu bei. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba miongozo ya madaktari wa saratani wa Marekani inasema neno lile lile alilolisema daktari wetu. Hakuwa amenificha kitu wala kupungukiwa na kitu.

Kipimo nilichokuwa nacho kinaitwa CA 15-3. Seli za mirija ya maziwa zina protini juu ya ngozi yake, MUC1, na seli za saratani huimwaga kwa wingi kwenye damu. Mashine huhesabu vile vipande. Kwenye mashine yetu kikomo cha mtu wa kawaida ni 31. Kipimo hiki kina kazi yake: mgonjwa ambaye saratani imeshasambaa na namba yake ikapanda, daktari huifuatilia pamoja na picha ili aone kama dawa inafanya kazi. Hata hapo panahitaji utulivu, maana wiki za kwanza za dawa mpya namba yaweza kuruka juu huku dawa inafanya kazi vizuri. Mwenye ugonjwa wa ini naye anaweza kusoma juu bila saratani yoyote. Jambo kubwa zaidi, lile ambalo mimi wa kulijua nililipita: seli za hasi tatu mara nyingi hazimwagi protini hii kama zinavyomwaga zile za homoni. Nilikuwa nasikiliza mlangoni pa nyumba ambayo wenyewe hawana desturi ya kupiga kelele.

Juni 2017 ilisoma 17. Septemba 19. Desemba 16. Machi 2018, 18. Juni, 20. Kila mara niliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Damu safi, alhamdulillahi." Mama alichinja kuku. Wajomba wakatuma vikaragosi vya mikono iliyoinuliwa. Dada mwenyewe aliikunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa miwani, na nadhani alilala vizuri usiku ule. Sitaki kuudharau usingizi huo. Ulikuwa wa kweli hata kama sababu yake ilikuwa dhaifu.

Agosti akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha alfajiri, kisha cha mchana darasani. Septemba alikuja kama kawaida, nikaupata mshipa, mashine ikasoma 22.

"Dada, damu safi. Hilo ni vumbi la chaki."

"Damu yangu waijua wewe, mdogo wangu. Kifua nakijua mimi."

Nikamwonyesha karatasi. Nikamweleza kikomo. Nilizungumza naye kama ninavyozungumza na wateja wabishi, kwa upole wa mtu ambaye ana mashine nyuma yake. Akanyamaza. Miaka mingi alikuwa akiwafundisha watoto kuamini namba, angebisha vipi?

Akarudi Muheza na karatasi ile. Kwenye zahanati aliulizwa historia yake, akasema amewahi kuugua saratani ya titi. Tabibu akakunja uso, kama inavyopasa, akauliza amefuatiliwa vipi. Dada akatoa karatasi yangu. Tabibu akasoma 22, akaona kikomo 31, uso ukakunjuka. Akapewa amoksilini. Kisha dawa ya mzio. Kisha akapimwa kohozi kwa GeneXpert kuangalia kifua kikuu, mara mbili, na mara zote mbili hakikuonekana. Sina neno na tabibu yule. Yeye alikuwa na mashaka, na mimi ndiye niliyeyaondoa nikiwa mbali zaidi ya kilomita 300.

Novemba alishindwa kumaliza kipindi kimoja akiwa amesimama. Picha ya kifua ilipopigwa, mapafu yalikuwa na vivuli vya mviringo pande zote mbili, na upande wa kulia maji yamepanda hadi katikati.

Nilimfuata daktari wake nikiwa na karatasi zote sita mkononi. Sijui nilitaka nini; labda nilitaka anigombeze. Alizipanga mezani kwa tarehe, akazitazama, akanihadithia habari za Italia. Mwaka 1994 zilichapishwa tafiti mbili za huko, jumla ya wanawake zaidi ya 2,500 waliokuwa wametibiwa saratani ya titi. Nusu waliangaliwa kwa kawaida: mikono ya daktari na mamografia. Nusu waliongezewa vipimo vya mara kwa mara, picha za kifua na za mifupa, kuwinda ugonjwa kabla haujajionyesha. Miaka ikapita, wakahesabiwa. Waliobaki hai walikuwa sawasawa pande zote mbili. Saratani ikishasambaa, kuiona mapema kwa dawa za wakati ule hakukuongeza siku.

Nilitoka pale nimepata nafuu, na nafuu ile iliniaibisha kwa muda mrefu. Ikiwa kuiona mapema kusingemponya, basi sikumuua. Lakini bado kulikuwa na kitu kinanikwama, na ilinichukua miezi kukipata. Maji yale yalipotolewa kwenye kifua, lita moja na zaidi, dada alilala chali kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Alipopewa mofini ya maji kwa kipimo kidogo, ile kiu ya pumzi ilipungua. Haya yangeweza kufanyika wiki nane kabla. Kosa langu lilikuwa hilo, na jingine dogo zaidi lakini baya zaidi: alikuwa na ushahidi wa mwili wake, nami nikauwekea pingamizi kwa karatasi. Kwa wiki nane mwanamke mgonjwa alikohoa huku akijiuliza kama anadeka.

Baada ya msiba nikaanza kusoma, kama mtu anayepekua mifuko ya marehemu. Nilitaka kujua kama damu inaweza kweli kusema kwamba saratani imesafiri.

Kumbe swali ni la zamani. Mwaka 1869, Melbourne, daktari Thomas Ashworth alichukua damu ya maiti ya mtu aliyekufa kwa saratani, akaiweka chini ya hadubini, akaona seli zinazofanana na zile za uvimbe wenyewe. Miaka 20 baadaye, London, Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akaona kwamba ugonjwa hauangukii popote tu. Una viungo unavyovipenda. Akaulinganisha na mbegu: hupeperushwa kila upande, huota pale tu udongo unapoikubali. Mtu wa Muheza hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Katani huvumilia palipokauka; iliki hutaka kivuli na umande wa milimani Amani.

Kwa hiyo mbegu zipo njiani, ndani ya damu. Shida ni kuzikamata. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha mashine ya CellSearch, inayotafuta seli za saratani ndani ya mililita 7.5 za damu. Hicho ni kijiko kimoja na nusu cha chai, nacho kina chembe nyekundu zaidi ya bilioni 30. Kwa wanawake 177 ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa, waliokutwa na seli 5 au zaidi katika kipimo hicho ugonjwa uliwaendea kasi na waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Seli tano! Nilipolisoma hilo nilisimama nikazunguka meza. Katika kazi yangu yote sijawahi kusikia uwindaji wa namna hiyo.

Kisha wakauliza swali la maana zaidi: mgonjwa ambaye seli hizo hazikupungua baada ya mzunguko wa kwanza wa dawa, tukimbadilishia dawa haraka bila kungoja picha, ataishi zaidi? Wanawake 123 waligawanywa kwa kura. Jibu lilitoka 2014. Hapana. Kipimo kilisema kweli kuhusu nani yuko hatarini, lakini dawa iliyofuata haikuwa na nguvu kuliko iliyotangulia.

Ipo njia ya pili, nayo mimi naipenda zaidi kwa sababu ni ya watu wa maabara hasa. Seli zikifa huacha vipande vya vinasaba kwenye majimaji ya damu. Wafaransa wawili, Mandel na Métais, walivigundua Strasbourg mwaka 1948. Seli za saratani nazo huacha vyake, vyenye makosa yale yale ya uvimbe uliovizaa. Ukisoma makosa ya uvimbe wa mgonjwa kwanza, unaweza kuyatafuta makosa hayohayo katika damu yake. Na kwa kuwa vipande hivi husafishwa upesi, nusu yake ndani ya saa kama mbili, damu inakueleza habari za leo. Mwaka 2015 watafiti wa London waliwafuatilia wanawake 55 waliokuwa wametibiwa. Kwa wengi wa waliorudiwa na ugonjwa, vinasaba vilionekana kwenye damu karibu miezi 8 kabla ya dalili au picha.

Miezi minane. Nilirudi kwenye tarehe za karatasi zangu nikahesabu kwa vidole.

Halafu Waingereza wakafanya utafiti uliolenga hasi tatu peke yake, unaoitwa c-TRAK TN. Wanawake 161 walipimwa damu kila baada ya miezi mitatu, ratiba ileile niliyomwekea dada, ila kipimo chao ndicho kilikuwa sahihi. Ndani ya mwaka mmoja, zaidi ya robo walionekana na vinasaba vya saratani. Kati ya 32 waliopangiwa kuchunguzwa zaidi na kupewa dawa ya kinga ya mwili, pembrolizumabu, 23 walipopigwa picha walikutwa saratani imeshajenga makao mahali pengine. Walioanza dawa ni 5, na hakuna hata mmoja ambaye vinasaba vilimtoka kwa kudumu. Matokeo hayo yalichapishwa 2023.

Wapo waliouita utafiti huo umeshindwa. Mimi siuiti hivyo. Umesema kweli mbili ambazo muuza vipimo hazisemi: kwamba hasi tatu huenda mbio kuliko ratiba ya miezi mitatu, na kwamba kengele bila kikosi cha zimamoto ni kelele tu. Nadhani kipimo hiki kitafika mahali pake. Watafiti wanaendelea kukinoa kione vipande vichache zaidi, na kuanza mapema zaidi. Kwa saratani ya homoni kimeshaanza kuchagua dawa: tangu 2023 Marekani inatumia kipimo cha damu cha vinasaba kuwapata wagonjwa wa kupewa elasestranti. Huyo si dada yangu, lakini ni dada wa mtu.

Kwetu kuna shida ambayo majarida ya huko hayana haja ya kuizungumzia. Damu ikiwa kwenye chupa ya kawaida ya kifuniko cha zambarau inatakiwa izungushwe na kutenganishwa ndani ya saa chache. Ikichelewa, chembe nyeupe hupasuka na kumwaga vinasaba vyake, na vile vichache vya saratani huzama humo kama kijiko cha chumvi kwenye Mto Zigi. Fikiria chupa iliyochukuliwa Muheza saa tatu asubuhi, ikapakiwa kwenye basi, ikakwama foleni Chalinze. Zipo chupa maalumu zinazoshika chembe zisipasuke hata wiki mbili, na siku kipimo hiki kitakapoingia nchini kwa upana ningeanza kwa kununua hizo kabla ya mashine. Wakubwa hupenda kuzindua mashine. Chupa haikatiwi utepe.

Siku hizi nikiwa dirishani huja watu na karatasi walizojiandikia wenyewe: "CA 15-3." Wengine wameona tangazo kwenye simu linaloahidi kugundua saratani zote kwa tone moja. Siwafukuzi, maana mimi nilikuwa wao. Nawauliza kwanza: umewahi kutibiwa titi? Unajisikiaje? Una kikohozi kisichoisha, maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku, kichwa kinachouma tofauti na zamani, macho ya njano, uvimbe juu ya mtulinga? Akisema ndiyo hata kwa moja, namwambia pesa hiyo ndiyo nauli ya kwenda kwa daktari wake, akaseme hilo na aombe picha. Akisema hapana kwa yote, namwuliza jibu likija juu atafanya nini, na likija chini ataacha kufanya nini. Swali hili la pili ndilo linalowanyamazisha. Bosi wangu hafurahii mazungumzo haya, na mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu.

Mei 2019 dada alikuwa Muheza, kwenye kitanda tulichokigeuza kielekee mlangoni apate upepo. Nilikwenda na kisanduku cha kazi kwa ajili ya kumtoa damu ya kuangalia wingi wa damu, kama daktari alivyoagiza. Nilipofunga mpira akauliza, "Na ile yetu je?"

"Dada, ile haina maana."

"Pima. Nataka nione kama itanikubali."

Mshipa wa kidole gumba ulikuwa bado upo. Nilimchoma mara moja, nikajaza chupa mbili, nikaondoka na barafu kwa basi la saa nne. Usiku ule mashine ilinipa jibu, nikampigia simu, nikamsomea, akacheka hadi akakohoa. Tulimzika wiki tatu baadaye, siku ya Ijumaa. Karatasi zote saba ninazo kabatini, na ile ya mwisho inasoma 27.